Sultani bila mwavuli! Nafungua kopi ya picha ya Delacroix

Wadau karibuni tena, leo nina hasira kidogo mnivumilie. Mzigo umefika jana, kopi ya kanvasi ya Sultani wa Moroko, ile ya mchoraji Mfaransa Delacroix ya 1845, mambo ya fremu na misumari mnayajua tunaruka. Njooni huku juu, ngoja nisogeze kamera. Mnaona kichwa cha Sultani? Juu yake kuna nini? Hamna! Mwavuli umekatwa, mpini tu ndo umebaki, huyu jamaa wa nyuma utadhani kashika fagio.

Najua mtasema mwavuli tu kaka, tulia. Situlii. Kule Moroko mwavuli ule ndo alama ya ufalme yenyewe, ndo maana 1844 Wafaransa walivyowashinda Wamoroko kwenye vita vya Isly waliuteka mwavuli wa mtoto wa Sultani wakaubeba kama ngawira. Mwaka unaofuata Delacroix anaitundika hii kwenye maonyesho ya Salon, Paris, na mwavuli kauchora bonge la mwavuli juu ya Sultani mwenyewe, Moulay Abd-er-Rahman, halafu muuzaji wangu anaupiga mkasi kisa fremu zake ni za kulala, upana unazidi kimo! Orijino iko Toulouse, Ufaransa, kwenda juu karibu mita 4, upana zaidi ya mita 3, yaani inakaribia mraba, ukiilazimisha iingie 60 kwa 40 lazima kitu kife.

Kuna mwenzangu alichukua Wanawake wa Algiers, picha nyingine ya Delacroix, yake imetoka safi, ila ile imelala tangu kuzaliwa.

Rangi nazo, mbingu imekolezwa kama tangazo la sabuni, wakati mshairi na mhakiki Baudelaire aliisifu orijino kwamba pamoja na kung'aa kote ina ukijivu wa hewa ya kiangazi. Farasi lakini, aisee, farasi yuko poa, nikimwangalia nasamehe nusu.

Halafu cheki hii, Delacroix alikuwepo Meknes, mji wa Moroko, Machi 1832 na msafara wa balozi wa Ufaransa, Mornay, mwanzoni aliwachora Wafaransa humo, kwenye hii kubwa kawatoa wote. Kwa hiyo hata yeye alikata, ila alijua anakata nini.

Elfu 85 hiyo, bado bodaboda. Jumapili tuko laivu, sabskraibu basi. Muuzaji nimemwandikia tangu asubuhi, tiki mbili za bluu, kimya.