Timu ya mbali: mkutano wa video au taarifa ya maandishi?

Ukiwa Mbeya unasimamia watu walioko Lusaka, Lilongwe na Hamburg, mtihani wa kwanza ni saa. Zambia na Malawi, majirani zetu wa hapo Tunduma na Kasumulu, wako nyuma yetu kwa saa moja. Ujerumani ni saa moja majira ya joto, mbili majira ya baridi. Kwa hiyo mkutano wa video wa saa tatu asubuhi unamkuta Mjerumani wa Januari saa moja, hata kahawa hajanywa. Uzuri wake, mnaulizana habari za nyumbani, na aliyenuna unamwona. Umeme ukikatika, basi tena.

Maandishi hayajali saa. Kila mtu anaeleza alichofanya, kilichokwama na anayemsubiri. Asiyejiamini kwa Kiingereza anapata muda wa kupanga maneno. Tabu ni ukavu: “Itakamilika lini?” bila salamu, huku kwetu inasomeka kama ukali. Na muda uandikwe 15:00, siyo saa tisa, la sivyo kuna atakayekusubiri tangu asubuhi.

Kazi za kila siku nazipeleka kwenye maandishi. Video naiweka kwa mfanyakazi mpya, na kwa waliokwaruzana.