Datsun 240Z yenye injini ya L28: nunua bodi, injini itapatikana

Anayetafuta Datsun 240Z ya 1969 hadi 1973 huanza kwa kufungua boneti, na hapo ndipo anapopotea. Injini yake, L24 ya silinda sita za mstari yenye cc 2,393, ni ngumu kufa, na ikifa mrithi wake yupo ndani ya ukoo uleule: L28 ya cc 2,753. Kinachoua 240Z ni kutu. Sifa ya ugumu ilitokana na ushindi wa Safari Rally, 1971 Edgar Herrmann akiwa kwenye usukani na 1973 Shekhar Mehta. Lakini ugumu ule ni wa mtambo. Mabati ni hadithi nyingine.

Anza ukaguzi kwenye kitako cha betri. Asidi inayovuja hutoboa kitako chenyewe, ikashuka kwenye reli ya chasisi iliyo chini yake, ikaishia sakafuni. Gonga reli hizo kwa mpini wa bisibisi kutoka mwanzo hadi mwisho: bati zima hulia kwa ukali, lililooza hutoa sauti butu na kudondosha unga mwekundu. Ndani ya gari, nyanyua ukingo wa mkeka wa lami unaofunika sakafu. Huweza kuonekana mzima wakati chini yake hakuna kitu. Kisha funga milango na unyanyue upande mmoja kwa jeki chini ya reli, ukitazama mwanya wa mlango. Ukibana, au mlango ukikwama, kizingiti cha chini kimekwisha. Ile kona iliyo kati ya mlango na gurudumu la nyuma ndiyo maficho ya puti: pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa, ikiteleza bila kushika usiamini rangi.

Kutu ya sakafu na ya shimo la tairi la akiba hutibika kwa bati jipya na kuchomelea. Ya reli na vizingiti kwa pamoja, punguza bei sana au uondoke. Fundi wa bodi achomelee kwanza vyuma vya kushikiza kwenye nafasi za milango, akate upande mmoja, aumalize, ndipo aende wa pili. Ukikata vyote viwili kwa pamoja bodi hulegea katikati, na mlango hautafunga vizuri hata ubadilishe bawaba.

Injini sasa. Wapo wanaofunga RB25DET, injini ya turbo ya Nissan Skyline, au V8 za Chevrolet, na kweli huingia. Ila ni mounti za kutengeneza, propela ya kukatwa na kusawazishwa, waya upya, radieta kubwa zaidi, na difu ya asili, R180, ambayo haikuundwa kubeba nguvu hizo. Gari lenye uzito wa kilo 1,050 hivi halihitaji fujo yote hiyo. L28 hukaa kwenye mounti zilezile, na gia boksi hushika kwenye matundu yaleyale.

Ya kutafuta ni L28 ya 280ZX, mdogo wake 240Z aliyekuja baadaye, ya 1981 hadi 1983: bloku F54, pistoni bapa, hedi P79, mgandamizo wa 8.8 kwa 1. Wengi huidharau P79 na kukimbilia hedi ya E31 ya gari la awali, ambayo chumba chake ni kidogo. Juu ya pistoni bapa mgandamizo hupita 10, na kwa petroli ya kawaida injini itagonga. Iache P79 ilipo. Angalia tu matundu yake ya ekzosi: ni ya mviringo, ya E31 na ya N42, hedi nyingine ya ukoo huu, ni ya mraba. Gasketi na manifoldi huchaguliwa kwa hedi iliyopo, si kwa jina la gari, la sivyo moshi utapuliza pembeni hadi gasketi iungue.

Bakuli la oili la ZX halikai juu ya kiunzi cha mbele cha 240Z. Funga la 240Z pamoja na bomba lake la kunyonyea. Ni pacha, usichanganye. Ukibadilisha kemshafti, tazama inavyopata oili: isiyo na tundu la ndani lazima iwe na bomba la kunyunyizia juu yake, bila hivyo inakula roka zake upesi.

Kabureta mbili za SU za L24 zinaitosha L28 kwa barabara. Anza na nati za chini mizunguko miwili na nusu kutoka juu kabisa, kisha uongeze petroli kwa kusoma rangi ya plagi. Zile za 1973 za Marekani zenye kichwa bapa, weka kando utafute za miaka ya nyuma. Hedi iliyotoka kwenye gari la injekta huenda haina nafasi ya pampu ya petroli inayosukumwa na injini yenyewe, kwa hiyo funga ya umeme ya psi 3 hadi 4. Pampu ya injekta husukuma mara kumi ya hapo. Sindano ya floti haiwezi kuizuia, na petroli itamwagika juu ya ekzosi.

Makosa mawili hurudisha kazi nyuma kuliko yote. La kwanza ni kufungua hedi bila kupiga kabari ya mti kati ya pande mbili za cheni. Kikaza cheni huchomoka, na sasa lazima ushushe kava lote la mbele. La pili ni ekseli fupi inayozungusha pampu ya oili na distributa. Pistoni namba 1 ikiwa juu kabisa kwenye mgandamizo, ulimi wa ekseli hiyo unatakiwa ulale kama mstari wa kutoka 11 hadi 5 kwenye uso wa saa, na kati ya vipande viwili vya duara unavyovigawa, kile kidogo kitazame mbele. Ikikosea jino moja, distributa itafika mwisho wa kurekebishwa na taimingi bado haijapatikana. Valvu zirekebishwe injini ikiwa moto: 0.25 mm za kuingiza, 0.30 mm za kutoa.

Gia boksi ya gia tano ya 280Z au ZX inaingia vizuri, lakini klachi ina mtego. Presha pleti huja kwa vimo tofauti, na kila kimo kina kola yake ya kushika beringi. Kabla ya kuunganisha gia boksi, pima kutoka uso wa flaiwili hadi nyuma ya kola, mahali uma unaposukuma: iwe 92 mm. Ikipungua, klachi haitaachia.

Upande wa umeme, rev kaunta ya 240Z huhesabu mkondo unaopita kwenda kwenye koili. Ukifunga distributa ya elektroniki ya ZX na kuikwepa njia hiyo, sindano italala. Alteneta ya ZX ni nzuri, ila isipowekewa dayodi kwenye plagi ya regyuleta ya zamani, injini huendelea kuunguruma baada ya kuzima swichi.

Kwa breki, kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux ya 4x4 zenye alama S12+8 hufaa kwenye diski za asili. Punguza bati la kukinga vumbi, tafuta bomba linalolingana.

Harufu ya moshi ndani ya gari si lazima iwe ekzosi. Mgongo wa Z huvuta hewa chafu kurudi ndani kupitia raba za taa za nyuma na za mlango wa buti. Mtu ajifungie ndani usiku, mwingine azungushe tochi nje. Mwanga unapopenya ndipo pa kubadilisha raba.