Kupima bakteria wa botulini kwenye asali: huduma ya Kampala inafaa, ila cheti kisomwe kwa makini

Wafungashaji wa asali wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kwingineko, huduma hii ya maabara moja jijini Kampala tunaipendekeza, mradi mjue mnacholipia. Kinachotafutwa ni spora, yaani mbegu ngumu, za bakteria Clostridium botulinum. Ndani ya asali zimelala tu, kwa kuwa maji ni machache na asidi ipo. Zikifika kwenye utumbo wa mtoto wa chini ya miezi 12, huota na kutoa sumu.

Uandaaji wa sampuli ni mzuri kweli. Gramu 25 za asali huyeyushwa kwa maji yaliyotakaswa yenye Tween 80 (aina ya sabuni ya maabara) asilimia 1, hupashwa moto kidogo, kisha mashine ya kuzungusha kwa kasi hukusanya spora chini. Hatua hii ikirukwa, sukari huzuia bakteria kuota na jibu la "hakuna" linakuwa la uongo. Mashapo hutiwa kwenye mchuzi wa nyama wa kuoteshea bakteria, bila oksijeni, nyuzi 35, siku 5 hadi 7. Ndipo PCR, kipimo cha kunakili DNA ili ionekane, hutafuta jeni za sumu za aina A, B, E na F. Jeni, si sumu yenyewe.

Udhaifu: wanapokea chupa moja kwa pipa zima. Spora hazisambai sawasawa, kwa hiyo chota sampuli 5 juu, kati na chini. Kuchemsha hakusaidii, spora hustahimili nyuzi 100. Hata cheti kikiwa safi, lebo ibaki: "Asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1."