pg_dump au pg_basebackup: Nakala Rudufu Ipi?
Msimamizi wa hifadhidata ya PostgreSQL ana zana mbili za kuchukulia nakala rudufu. Ile ya pg_dump hutoa muundo na data ya hifadhidata moja, na nakala yake yaweza kurejeshwa hata kwenye toleo jipya zaidi. Ila hifadhidata ikiwa kubwa, urejeshaji huchukua muda mrefu, kwa kuwa faharasa zote (orodha zinazoharakisha utafutaji wa data) hujengwa upya. Ile ya pg_basebackup hunakili faili zenyewe za seva nzima, na ikiambatana na kumbukumbu za miamala, yaani rekodi za kila badiliko la data, zilizohifadhiwa mfululizo, humwezesha msimamizi kuirudisha data katika hali iliyokuwa nayo dakika moja kabla ya mtu kufuta jedwali kimakosa, jambo linalotokea mara nyingi kuliko tunavyokiri. Nakala yake, hata hivyo, hudai kurejeshwa kwenye toleo kuu lilelile la PostgreSQL. Kwa mfumo unaopokea miamala usiku na mchana, ningechagua hii ya pili.