Kombo ya valvu ipi ununue kama unapiga sebene? Nimezipanga tano

Miongozo mingi ya amplifaya za valvu inaandikwa na wapiga roki kwa ajili ya wapiga roki. Swali lao la kwanza ni kama inakwaruza vizuri, yaani inachafua sauti ya gitaa kwa makusudi, na la pili ni kama inaanza kukwaruza mapema. Mimi napiga rizimu katika bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, na mpiga solo akichelewa nakaa kwenye nafasi yake. Nyuma yangu kuna dramu, tumba, saksafoni na tarumbeta mbili. Shida yangu ni nyingine kabisa: nataka gitaa libaki safi hata sebene ikishapanda na watu wote wako uwanjani, kila nota isikike imesimama yenyewe. Ndiyo maana orodha hii haifanani na zile ulizozoea kuziona. Amplifaya wanayoisifu wao kwangu inaweza kuwa ya mwisho.

Kwa anayeanza: kombo ni amplifaya na spika yake ndani ya boksi moja. Valvu ni zile chupa za kioo zinazong'aa rangi ya chungwa kwa nyuma. Wamarekani huziita tyubu.

Kabla ya majina, tuongee kuhusu umeme, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapoteketea. Ndugu yangu mmoja aliniletea kombo ndogo kutoka Marekani. Nikaenda Kariakoo nikanunua adapta ya plagi, nikarudi nyumbani, nikachomeka kwa furaha zote. Taa ya mbele iliwaka kwa mwanga ambao sijawahi kuuona, ukafuata mlio wa "pwaa", halafu harufu ya vanishi iliyoungua ikakaa chumbani siku mbili. Adapta inabadilisha umbo la meno ya plagi, umeme unabaki uleule. Marekani ni volti 120 na hezi 60. Tanzania ni volti 230 na Kenya 240, zote kwa hezi 50. Fyuzi ingeniokoa, ila aliyeimiliki kabla alishaweka kubwa kuliko inayotakiwa, nami sikuangalia.

Kwa hiyo ukiagizia, agizia Uingereza au Dubai. Huko umeme ni volti 230 hezi 50, na plagi ni ileile ya meno matatu ya bapa tunayotumia sisi. Ya Ujerumani nayo inafaa, utabadilisha waya wa plagi tu. Ya Marekani inahitaji transfoma ya kushusha umeme, nzito kama tofali, na utaibeba kila shoo. Mtumba wa Japani ndio wa kuogopa zaidi, maana kule ni volti 100, na wauzaji wengi hawasomi kibati cha nyuma. Kisome wewe.

Jambo la pili ni umeme wa kupanda na kushuka. Nyuzi za ndani ya valvu nyingi zinatakiwa kupata volti 6.3. Umeme wa ukutani ukishuka hadi 190, zinapata kama 5.2, na gitaa linasikika limechoka, limelegea. Ukipanda hadi 260 zinapata zaidi ya 7, na hapo unazifupishia maisha. Stabilaiza si anasa. Na umeme ukikatika katikati ya wimbo, usisubiri: chomoa plagi, maana kinachoua vitu ni ule mshtuko wa kurudi. Ukumbi ukiwa na jenereta, acha friji na taa zitulie kwanza ndipo uwashe.

Halafu wati. Kombo ya wati 40 haina kelele karibu mara tatu ya ile ya wati 15. Tofauti yake ni kama desibeli 4, na sikio linahitaji takribani mara kumi ya wati ndipo lihisi sauti imeongezeka maradufu. Unachonunua kwenye wati nyingi ni nafasi: unapanda juu zaidi kabla sauti haijaanza kuchafuka. Mpiga roki anaikimbia nafasi hiyo. Sisi tunailipia.

1. Fender Hot Rod Deluxe IV

Hii ndiyo ningenunua kwa pesa yangu, na ndiyo niliyoinunua. Wati 40 kutoka kwa valvu mbili kubwa za 6L6, tatu ndogo za 12AX7 mbele yake (hayo ni majina ya aina za valvu), spika moja ya Celestion A-Type ya inchi 12, na mwangwi wa springi halisi. Toleo hili la nne lilitoka mwaka 2018. Matoleo ya kabla yake yalikuwa na ugonjwa mmoja maarufu: ukigusa volyumu kutoka 1 kwenda 2, ukumbi mzima unageuka kukuangalia. Kwenye la nne kitufe kinapanda taratibu, unaweza hata kufanya mazoezi chumbani bila mama mwenye nyumba kugonga mlango.

Namba za vitufe vya Fender hii zinaishia 12, si 10, kwa hiyo usishangae. Mimi naweka trebo 6, midi (sauti za kati) 6, besi 3, mwangwi usiozidi 2. Besi ukiizidisha unampigia mpiga besi kazi yake, naye hatakushukuru. Volyumu kwenye 4, dramu ikiwa nyuma yangu, bado nota za juu zinalia kama kengele na hakuna mkwaruzo hata nikikandamiza nyuzi mbili pamoja. Hapo ndipo nilipoacha kutafuta.

Chaneli ya mkwaruzo ipo. Sijaipenda, inasikika kama nyuki ndani ya kopo. Na uzito ni kilo 20 na ushee: bodaboda atakubali kuibeba, mgongo wako ndio utakaokataa. Tafuta bajaji.

2. Fender Blues Junior IV

Mdogo wake. Wati 15, valvu mbili za EL84, spika ya aina ileile ya inchi 12, kilo 14 hivi. Hii unapanda nayo daladala, unaiweka mapajani, konda anakutoza nauli ya mtu mmoja. Ina chaneli moja tu, mwangwi wa springi, na swichi ya kunenepesha sauti. Haina tundu la kupitishia pedali katikati ya mtambo, kwa hiyo dilei yako (pedali ya kurudiarudia sauti) itakaa mbele pamoja na pedali nyingine.

Kwenye bendi yenye dramu na tarumbeta haitoshi peke yake. Ukipita nusu ya volyumu inaanza kuchafuka, na sebene inageuka uji. Lakini kumbi nyingi siku hizi zina mitambo: weka maiki ya Shure SM57 mbele ya spika, pembeni kidogo ya katikati, mwachie fundi mitambo aipandishe nje, nawe jukwaani utumie sauti ya kiasi. Kwa bendi ndogo, kwaya, hotelini au studio, hii inaipita namba moja. Nimeiweka ya pili kwa sababu kuna usiku fundi mitambo anakuja amelewa, na usiku huo unahitaji wati zako mwenyewe.

3. Blackstar St. James 50 6L6

Ndiyo mpya kuliko zote hapa, ilitoka 2022. Blackstar ni kampuni ya Northampton, Uingereza, iliyoanzishwa na mafundi waliotoka Marshall. Walichofanya ni kuondoa ile transfoma nzito ya umeme na kuweka mfumo mwepesi kama wa chaja ya kompyuta, wakatumia mbao nyepesi na spika nyepesi. Matokeo yake ni wati 50 kwenye boksi ambalo unalibeba kwa mkono mmoja ukiwa na gitaa kwenye mwingine. Unaweza pia kushusha nguvu hadi wati 2, na kuipeleka moja kwa moja kwenye mikisa bila maiki.

Kwa sauti safi inashindana na namba moja. Kilichoiangusha ni fundi. Hot Rod ikiharibika, fundi mzee wa redio wa mtaani kwako anaifungua na kuielewa, kwa sababu ndani kuna vitu alivyovizoea. Hii ikifa upande wa umeme, unaanza kutafuta bodi kutoka Uingereza. Kama uko London, Toronto au Muscat, ipandishe hadi namba moja bila wasiwasi.

4. Vox AC15C1

Vox AC15 ya kwanza ilitengenezwa Uingereza miaka ya 1950, na mlio wake umo kwenye muziki wa gitaa wa miaka ya 60 uliovuma hadi huku kwetu. Hii ya leo ina EL84 mbili, wati 15, spika ya Celestion Greenback, mwangwi na tremolo, yaani sauti inayotetemeka. Kwa rizimu, ukipiga kwa vidole karibu na daraja la gitaa, inatoa mlio wa sarafu zinazodondoka kwenye sakafu ya sementi. Mtamu sana.

Lakini inachafuka mapema kuliko zote hapa, na ina kilo 22. Ndiyo, inaishinda uzito Hot Rod ya wati 40. Na EL84 zake zinafanya kazi kwa joto kali, hivyo zinachoka haraka. Anayepiga kanisani nyimbo za kuabudu, zile za dilei ndefu na kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazofunguka taratibu, ageuze orodha: kwake hii ni ya kwanza.

5. Marshall DSL20CR

EL34 mbili, wati 20 zinazoweza kushushwa hadi 10, chaneli mbili, kilo 16 hivi. Marshall waliitoa 2018 pamoja na ndugu zake wa wati 1, 5 na 40. Chaneli yake ya kwanza ina usafi wa kutosha kwa mazoezi, ila midi zake zinajitokeza kwa nguvu na kwenye sebene zinapigana na mwimbaji. Kwa wapenzi wa roki wa Nairobi ni pesa iliyotumika vizuri kuliko yoyote hapo juu. Kwa dansi, hapana.

Na kuna neno ambalo wauzaji wa valvu hawatakwambia. Kama hutaki mkwaruzo kabisa, hata ule mdogo wa kupasha moto nota, labda huhitaji valvu. Roland JC-120 ipo tangu 1975, ina wati 120, spika mbili za inchi 12, haina valvu hata moja, na usafi wake hakuna hapa anayeugusa. Mimi nakaa na valvu kwa sababu nikipiga kwa nguvu nasikia sauti inajibana kidogo, inanisukuma vidole nyuma. Ukipiga na usipohisi hilo, okoa pesa.

Ukishaamua, nunua valvu za akiba siku hiyohiyo: jozi moja ya zile kubwa, iliyolinganishwa (yaani mbili zilizopimwa zikafanana), na 12AX7 moja. Duniani kote zimebaki karakana chache kubwa za kuzitengeneza: JJ kule Slovakia, moja Saratov nchini Urusi inayotoa majina mengi ikiwemo Electro-Harmonix na Tung-Sol, na za China. Urusi ilipozuia mauzo ya nje Machi 2022, bei zilipanda ndani ya wiki chache na maduka mengi yakabaki na rafu tupu. Ukiambiwa 12AX7 hakuna ila ECC83 ipo, chukua, ni kitu kilekile. Anayekaa Pwani aongeze kopo la dawa ya kusafishia kontakti, maana chumvi ya hewa ya Mombasa, Tanga na Unguja inakula miguu ya soketi za valvu, na dalili yake ya kwanza ni sauti inayokatika na kurudi ukigonga boksi.

Usiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa, hata kwa kujaribu dakika moja. Transfoma ya kutolea sauti inaungua. Na usiingize bisibisi ndani hata kama umechomoa plagi, kwani kapasita zinahifadhi volti za kutosha kuua mtu muda mrefu baada ya taa kuzimika.

Ukinunua ya mkononi, iliyokwisha kutumika na mtu mwingine, nenda na gitaa lako na penseli. Iwashe, iache dakika kumi ipate moto huku mkiongea bei. Kisha igonge kila valvu ndogo taratibu kwa nyuma ya penseli: ikilia kama kengele kwenye spika, hiyo imekwisha, toa gharama yake kwenye bei. Baada ya hapo omba taa ya chumba izimwe, uangalie valvu kubwa. Mng'ao wa bluu kwenye kioo usikutishe. Ila bamba la chuma la ndani likianza kuwa jekundu kama mkaa, zima mwenyewe bila kumsubiri muuzaji, na pesa irudi mfukoni.