Ampu ya valvu au ya transista? Uzoefu wangu na Blues Junior na JC-40

Mimi ni mpiga gitaa la solo wa dansi, si wa roki, na hilo ulijue kabla hujausikiliza ushauri wangu. Wikiendi napiga hotelini, Jumapili asubuhi kanisani, na harusi zikiitwa naenda. Nyumbani nina ampu (vikuza sauti vya gitaa) mbili: Fender Blues Junior ya valvu, yaani zile taa za kioo zinazokuza sauti, niliyoipata mtumba kutoka Uingereza, na Roland JC-40 ya transista, vipande vidogo vya elektroniki vinavyofanya kazi hiyohiyo. Marafiki wengi wakija wanaishika ya valvu kwanza, wanaitazama kwa heshima, halafu wananiuliza kwa nini kwenye shughuli nabeba ile nyingine.

Nianze na hiyo wanayoiheshimu, maana heshima yenyewe inastahili. Blues Junior ina wati 15, valvu mbili za EL84 upande wa nguvu, tatu za 12AX7 upande wa mwanzo, na spika moja ya inchi 12. Kuna kitufe cha volumu, kinachosukuma upande wa mwanzo, na kingine cha masta, kinachopanga ukubwa wa sauti inayotoka, na utamu wote umejificha kati ya hivyo viwili. Ukipandisha volumu mpaka karibu na kati, masta ukaiacha chini ili majirani walale, gonga uzi wa tatu taratibu: noti inatoka safi. Ugonge tena kwa nguvu: inaanza kukoroma kidogo pembeni, kisha inatulia inavyofifia. Yaani kidole chenyewe ndicho pedali, kile kifaa cha mguuni cha kubadilisha sauti. Ukishusha volumu ya gitaa inarudi kuwa safi bila wewe kugusa kitu kingine. Usiku nikiwa peke yangu nacheza bluzi, sina haja na ampu nyingine duniani.

Sababu yake si uchawi. Kila ampu ina kikomo cha nguvu. Transista ikifika kwenye kikomo hicho hukikata kilele cha wimbi la sauti ghafla, na masikio yanasikia ukali wa kukwaruza. Valvu hukipinda kile kilele polepole kabla ya kukikata, na transfoma ya kutolea sauti nayo inachangia kulainisha. Kwa hiyo ukizidiwa ukiwa kwenye valvu, sauti inanenepa. Ukizidiwa kwenye transista, inachanika. Lakini angalia vizuri hapo: tofauti kubwa iko pale unapozidiwa. Ukikaa chini ya kikomo, pengo linapungua sana, na kinachobaki kinahusu zaidi spika, boksi lake na pikapu zako (vinasa sauti vya gitaa) kuliko hicho kinachowaka ndani.

Sasa lete sebene, ile sehemu ya kuchezea ambapo magitaa yanatawala. Solo yetu ni noti mbilimbili zinazopigwa pamoja na kukimbizana, zikiachana kwa nafasi ya tatu au ya sita kwenye skeli, na gitaa la kati linajibu. Sauti ikianza kukoroma, noti mbili zinazopigwa pamoja huzaa nyingine ambazo hukuzipiga kabisa, zinazotokana na jumla na tofauti ya mitetemo yao. Mpiga roki anaishi na hilo kwa kupiga noti ya kwanza na ya tano, ambazo bado zinapatana. Noti zetu za nafasi ya tatu na ya sita hazivumilii hivyo, zinageuka uji. Nimelisikia kwa masikio yangu ukumbini: nyumbani Blues Junior ilikuwa asali, ila mpiga drams alipoanza kuchapa nikalazimika kupandisha masta, na zile noti zangu mbilimbili zikapoteza kingo. Fundi mitambo akaniambia gitaa linasikika ila halieleweki. Alikuwa sahihi.

Wengine watasema nunua ya valvu yenye wati nyingi zaidi. Ni kweli, Fender Twin Reverb ya wati 85 inabaki safi mpaka utakapoomba msamaha, lakini ina karibu kilo 29, na ngazi za ukumbi nazijua mimi na mgongo wangu. Halafu wati zinadanganya. Ili sikio lisikie sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji kama mara kumi ya nguvu, kwa hiyo kutoka wati 15 kwenda 30 unaongeza desibeli tatu tu. Ukiwa na maikrofoni nzuri mbele ya spika na mixa ya kueleweka, wati zako si mashindano tena.

JC-40 ni ya wati 40, spika mbili za inchi 10, na inashika njia ya kaka yake mkubwa JC-120 iliyotoka mwaka 1975. Unachokisikia kwanza ni usafi: noti inatoka kama ulivyoipiga, ikiwa mbaya inatoka mbaya. Wapiga gitaa wanaojificha nyuma ya mkoromo hawaipendi kwa hilo. Kisha unawasha korasi yake, ile athari inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili. Namna inavyofanya kazi ni nzuri kuijua: spika moja inapata sauti kavu, ya pili inapata ile inayoyumba, na mchanganyiko unafanyika hewani, si ndani ya waya. Simama katikati mbele yake, piga kodi (chord) ya D, halafu sogea hatua mbili kushoto. Utasikia chumba kinavyobadilika. Kwa rumba, korasi hiyo ikiwa kidogo tu ndiyo sauti niliyokuwa naitafuta. Distoshen yake nimeiacha kwenye sifuri, kwa mkoromo natumia pedali.

Transista zina jina baya kwa sababu za kihistoria zaidi. Zile za mwanzo miaka ya 1960 hazikufika mbali. Hata Fender walitoa mfululizo wa ampu za transista mwaka 1966 na haukudumu sokoni. Watu wakabeba hukumu hiyo mpaka leo. Wakati huohuo B.B. King, ambaye hakuna wa kumfundisha bluzi, alitumia kwa muda mrefu Lab Series L5, ampu ya transista. Nikimtajia hilo mtu wa valvu, huwa anabadilisha mada.

Kuna habari ya umeme pia, ambayo video nyingi za ng'ambo hazigusi. Umeme ukishuka, na kwenye shughuli za jenereta hushuka, volti za ndani ya ampu ya valvu zinashuka nao, na sauti inakuwa legevu kabla hata hujazidiwa. Stabilaiza inasaidia, ila ni mzigo mwingine kwenye bajaji. Valvu nazo huchoka, na spea siyo ya kwenda kuchagua Kariakoo kama jeki au potenshomita. Mimi huagiza nje na kusubiri. Kama ndugu yako yuko Marekani na anataka kukutumia ampu, mwambie asome nyuma yake: ikiwa ni ya volti 120 peke yake, hapa kwenye 230 utahitaji transfoma ya kushusha umeme.

Na tafadhali usiifungue ampu ya valvu mwenyewe. Kapasita zake zinaweza kushika mamia ya volti hata ukiwa umeshachomoa waya ukutani. Usiiwashe pia ikiwa spika haijaunganishwa, maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Kwa hiyo: mpiga bluzi au roki anayerekodi nyumbani au anayepiga kumbi ndogo, chukua ya valvu ya wati chache na usijute. Mpiga dansi, rumba, benga au kwaya anayetaka noti mbilimbili zieleweke nyuma ya drams na kinanda, chukua transista nzuri na pesa inayobaki iweke kwenye spika na pikapu. Dukani nenda na gitaa lako mwenyewe, piga vipande unavyopiga kazini, na umwombe muuzaji aipandishe mpaka sauti ya ukumbini. Akikataa kwa sababu ya wateja wengine, rudi asubuhi duka likiwa tupu.