Begi la mlimani kwa mwanamke mfupi: uzoefu wangu hapa Nairobi

Kwa wenye haraka: nimenunua begi la Deuter, Aircontact Lite 35+10 SL (lita 35, na kumi za kuongeza juu), la mtumba, pale soko la Toi, kwa shilingi 2,800, na limenikaa. Wasio na haraka tuendelee, maana ukienda sokoni na jina la begi peke yake unaweza kurudi nyumbani na begi zuri la mtu mwingine.

Nina urefu wa sentimita 153 na uzito wa kilo 52. Katika kikundi chetu cha kupanda milima, wanaume karibu wote wanabeba mabegi ya lita 60 na 65, na ushauri wao kwangu ulikuwa mmoja: chukua kubwa, utakua nalo. Nitakua wapi tena na umri huu?

Kabla ya hapo nilikuwa naazima la kaka yangu. Begi lenyewe halina kosa, tena ni imara. Likiwa mgongoni mwangu lakini, mkanda wa kiunoni unashuka hadi kwenye makalio. Mikanda ya mabegani naivuta mpaka inaisha, na bado kati yake na bega panapita kiganja. Kifuniko cha juu nacho kinanisukuma kisogo. Wanaoujua mlima Longonot wanajua ile sehemu ya kwanza, kutoka getini hadi ukingo wa kreta: karibu kilomita tatu za kupanda, vumbi la volkano limechimbwa mifereji na maji ya mvua, na unatakiwa kuinua macho uone mguu unaupeleka wapi. Mimi nilikuwa naona ncha za viatu vyangu tu. Na nikiwa nimesuka rasta nikazifunga fundo nyuma, ndiyo kabisa, ni kuchagua nywele au begi. Wanaochora mabegi haya sidhani kama wamewahi kusukwa.

Sasa, jambo ambalo wauzaji wengi hawakuambii ni kwamba begi la mlimani halipimwi kwa urefu wa mtu. Linapimwa kwa urefu wa mgongo. Nina rafiki anayenipita kwa kichwa kizima, lakini tukikaa kiti kimoja kwenye matatu mabega yetu yanalingana, kwa sababu urefu wake wote uko miguuni. Yeye na mimi tunaweza kuvaa begi la saizi moja. Na wapo wanawake wafupi wenye mgongo mrefu, ambao begi la kawaida litawakaa bila shida yoyote. Kwa hiyo usikimbilie begi dogo kwa sababu tu watu wanakuita kafupi.

Kupima ni kazi ya dakika mbili na utepe wa fundi cherehani, ila unahitaji mtu wa pili. Inamisha kichwa, chini ya shingo kuna kifupa kinachojitokeza kuliko vingine. Hapo ndipo utepe unaanzia. Kisha weka mikono juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikitazamana mgongoni. Mstari kati ya vidole gumba ndio mwisho. Simama wima, mwenzako ashushe utepe akifuata mkunjo wa uti wa mgongo. Mimi nilipimwa na dada yangu, nikatoka na sentimita 39. Mabegi ya saizi ya kati kwa kawaida ni ya migongo ya sentimita 45 hadi 50 hivi, na la kaka yangu ni kubwa. Hesabu inajieleza.

Sentimita hizo chache zina maana kwa sababu mzigo mzito haubebwi na mabega. Sehemu kubwa ya uzito, wazoefu husema asilimia 70 hadi 80, inatakiwa ishukie kwenye nyonga kupitia ule mkanda mnene wa kiunoni. Mkanda huo ukae juu ya mfupa wa nyonga, katikati ya upana wake ikigusa ukingo wa mfupa. Usikae tumboni, wala usishuke mapajani. Fremu, yaani kiunzi kigumu cha mgongoni mwa begi, ikiwa ndefu kuliko mgongo wako, ukiuweka mkanda mahali pake mikanda ya mabega inaelea hewani, na ukiivuta mikanda ya mabega ishike, mkanda wa nyonga unaondoka mahali pake. Huwezi kushinda. Utafika kileleni, ndiyo, watu wanafika na mifuko ya shule, lakini shingo utaisikia hadi Jumatano.

Kuna pia suala la uzito ambalo sisi wadogo tunaonewa nalo. Kanuni ya wengi ni kwamba mzigo wa safari ya kulala njiani usizidi sehemu ya tano ya uzito wako. Kwangu hiyo ni kilo kumi na kidogo, begi lenyewe likiwemo. Begi la kaka yangu likiwa tupu kabisa lina kilo mbili na nusu. Yaani robo ya haki yangu imeliwa kabla sijatia hata chupa ya maji! Ndiyo maana lita 65 hazikunivutia tena. Nafasi ikiwepo utaijaza, na atakayeibeba ni wewe.

Kuhusu mabegi ya kike: yapo ambayo ni la kiume lililopewa rangi ya zambarau, na yapo yaliyokatwa upya kweli. Utayatofautisha kwa mikanda. Ya kweli yana mikanda ya mabega myembamba, mifupi, iliyoanza karibu na shingo na kupinda kama herufi S ili ipite pembeni ya matiti badala ya juu yake. Mkanda wa nyonga nao umeinama kidogo, umefunguka chini kuliko juu, kwa sababu nyonga zetu si bomba. Deuter, kampuni ya Kijerumani ya tangu 1898, huweka herufi SL kwenye mabegi yake ya kike, na mengi huja yamening'iniza ua dogo la kitambaa. Ukiwa unachakura lundo la mitumba, ua hilo ni alama nzuri ya kutafuta. Osprey na Gregory, zote za Marekani, nazo zina mabegi ya kike yenye saizi ndogo ya mgongo. Tafuta XS au XS/S kwenye lebo.

Nilianza madukani, kwenye mall moja nisiyoitaja. Kijana mpole sana aliniuliza nataka lita ngapi na rangi gani. Utepe hakuwa nao, na kitu cha kutia ndani ya begi nijaribu hakuwa nacho isipokuwa karatasi za kujazia. Begi tupu linamkaa kila mtu. Nikashukuru nikatoka.

Toi ilikuwa hadithi nyingine. Ukishuka Adams ukaingia ndani, upande wa mabegi na viatu, kila mtu anakuita siste. Yule niliyenunua kwake alikuwa amelitundika juu, peke yake.

"Siste, hilo ni kamera. Hata halijapanda kilima." Kamera, kwa lugha ya mitumba, ni bidhaa ya daraja la kwanza.

"Brathe, una kitu kizito nitie ndani nijaribu?"

"Kizito kama nini?"

"Kama kilo nane hivi."

Akanitazama kama ninayepanga kutoroka na mali. Jirani yake, mama wa viatu, ndiye aliyetuokoa: "Chukueni hivi, lakini mnihesabie jozi zangu." Tukalijaza buti na raba za watu mpaka likasimama lenyewe. Nililegeza mikanda yote, nikavaa, nikafunga mkanda wa nyonga kwanza na kuukaza, ndipo mabega, kisha vile vikanda vidogo vinavyotoka juu ya bega kwenda kwenye fremu, na mwisho ule wa kifuani, vidole viwili vitatu chini ya mifupa ya mtulinga. Utaratibu huo usiubadilishe. Ukianza na mabega unajidanganya. Vile vikanda vidogo vya juu vinatakiwa vipande kwenda nyuma kwa mshazari wa digrii 45 hivi. Vikilala bapa au vikiinamia chini, mgongo wa begi hauendani na wako.

Angalia pia mbele. Sponji mbili za mkanda wa nyonga zikikutana tumboni, begi hilo si lako, kwa sababu huna tena nafasi ya kukaza, na milimani kiuno hupungua. Kwangu pale bizimu lilipo palibaki nafasi ya vidole vinne. Nikatembea hadi kwenye vibanda vya chai na kurudi, nikachuchumaa, nikapanda ngazi za kibanda. Watu walicheka, sawa.

Begi hili lina jambo moja lililonifanya niache kutafuta: mikanda ya mabega inasogezwa juu na chini. Nyuma ya sponji kuna ngazi ya vitanzi na ukanda mpana wa velkro. Unaufungua, unashusha, unaupitisha kwenye kitanzi kingine. Nililishusha karibu na mwisho kabisa na likanishika. Kwa mtumba hiyo ni bahati kubwa, kwa kuwa huchagui saizi. Unachokikuta ndicho kilichokuja kwenye robota. Ukilipata lenye mgongo wa kusogezwa, uwezekano wa kukukaa ni mkubwa zaidi.

Muuzaji alianza na 3,500. Jipya Ulaya huuzwa zaidi ya yuro 150, hilo nilinyamaza nalo. Kabla ya kulipa nilifungua kila zipu, nikabonyeza sponji kwa kidole gumba kuona kama inarudi, nikageuza ndani nje. Begi la zamani ambalo lile tabaka la ndani la kuzuia maji limeanza kunata au kubanduka kama magamba meupe, liache hata kwa mia tano, maana kulitengeneza ni kazi ngumu. Bizimu lililovunjika si neno, fundi atakuwekea jingine. Mkanda mrefu unapunguzwa. Fremu ndefu hakuna fundi wa kuifupisha, asikudanganye mtu.

Mlimani sasa. Ngong Hills nililijaribu na mzigo mdogo tu, hakuna la kusimulia zaidi ya upepo. Elephant Hill, kwenye milima ya Aberdare, ndiko nilikoliona vizuri. Kwenye mianzi watu wenye mabegi yanayopita kichwa walikuwa wanainama na kunaswa, mimi nikipita nimesimama. Ufupi una malipo yake. Kwenye tope, begi lililoshikana na mgongo halikuyumbishi unaporuka. Hapa nieleze uamuzi mmoja: yapo mabegi yenye wavu uliokazwa mgongoni ili hewa ipite, na mgongo unapumua kweli. Lakini wavu huo unausogeza mzigo mbali na mwili, na mtu mwepesi kama mimi anavutwa nyuma zaidi. Nilichagua sponji nikijua nitatoka jasho. Shosho yangu alibeba kuni kwa kamba ya kichwani miaka yote na neno lake lilikuwa hilohilo, mzigo ugande mgongoni. Vitu vizito navipanga katikati, karibu na uti wa mgongo, mfuko wa kulalia chini.

Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon nilikwenda nalo pia, na niseme ukweli: ukiwa na mpagazi huhitaji begi hili. Yeye anabeba mzigo mkubwa, wewe unabaki na maji, koti la mvua, nguo ya baridi na vitafunio, na lita 25 au 30 zinatosha hadi Point Lenana, mita 4,985. Mimi nilibeba vyangu mwenyewe, nikazinyoosha zile lita kumi za juu siku ya kwanza kwenda kambi ya Old Moses, na kutoka kambi ya Shipton's usiku wa kilele nikaacha vitu kambini na kulikaza begi likawa dogo.

Jambo ambalo wengi hawalipimi dukani ni chupa. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi zetu za taifa, Longonot na Mlima Kenya zikiwemo, kwa hiyo utabeba chupa ya chuma au ya plastiki ngumu, nene kuliko zile za kiosk. Je, inaingia kwenye mfuko wa pembeni? Na mkono wako mfupi unaifikia ukiwa umevaa? Mimi naifikia kwa shida upande wa kulia, kushoto siwezi, kwa hiyo kushoto naweka poncho.

Kifuniko cha mvua hakikuwemo. Kama kilikuwepo kilibaki huko lilikotoka. Fundi wa miavuli alinishonea kingine kwa kitambaa cha mwavuli mkubwa uliovunjika vyuma, akatia lastiki pembeni, shilingi 300. Kimepigwa na mvua ya Aberdare na ndani pakabaki pakavu, isipokuwa pale mgongoni ambapo hakuna kifuniko kinachofika, na hapo huwa naweka nguo ambayo siijali sana.